Mkaa wa Senetwet

"Mursik si dawa! Ni chakula!" Kogo Chelimo alifoka, kibuyu cha maziwa lala amekikumbatia kama mtoto mchanga. "Sasa sista akija utamwambia mimi mama mkwe wako nakulisha uchawi?"

"Maziwa si shida, Kogo," Jepchumba akamjibu. "Shida ni huo mkaa wa mti wa senetwet unasugua ndani ya kibuyu. Si hata ng'ombe ikivimba tumbo unaipatia senetwet?"

"Na inapona! Nionyeshe yenye ilikufa!"

Jepchumba hakucheka. Ugonjwa wa utumbo ulimpata akiuza nyanya sokoni Eldoret. Utumbo ulivimba, damu ikawa inatoka, akakimbilia choo mpaka wakimbiaji wa Iten wakaja kuuliza kocha wake ni nani. Aliacha soko, akaacha kanisa, mwishowe akaacha hata kulia.

Ndipo akaingizwa kwa utafiti wa dawa mpya. Wengine walipewa dawa yenyewe, wengine tembe tupu za kufanana nayo, na hakuna aliyeambiwa amepata ipi. Sista Faith, muuguzi wa utafiti huo, alimuuliza kama anatumia dawa ya kienyeji. Akasema hapana, wala hakudanganya. Nani huita mursik dawa? Lakini wiki jana sista alipotaja miti iliyokatazwa, senetwet ilikuwemo.

"Damu si imeisha?" Kogo akauliza. "Unataka nini tena?"

"Kujua nini imeimaliza. Kama ni kibuyu chako, wao watasema ni dawa yao. Wagonjwa wengine wataimeza na waendelee kutoka damu."

"Hao wengine nimewazaa mimi? Ukisema, watakutoa. Na damu ikirudi utameza nini, mawe?"

Jepchumba alitazama mikono yake. Alitafuta woga ndani yake, akakosa. Akatafuta furaha ya kupona, nayo hakuna. Alikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: unajua ni wako, lakini ukiufinya haukujibu.

"Nitamwambia," alisema, kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Jaribu! Nitakuita mwongo mbele yake. Nitaapa hii boma haijawahi kuona ng'ombe, na hata hiki kibuyu ni cha—"

Mlango ukasukumwa. Sista Faith aliingia, viatu vimejaa matope, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Nimesikia kuna mwongo hapa," alisema. "Ni nani?"