Profesa wa Kukokota

Mkwe wangu ni kinyozi, na kama ndevu zingenyolewa kwa maneno, mji huu usingekuwa na mwanamume mwenye unywele kidevuni. Ana kiduka cha viti viwili kando ya barabara kuu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, feni inayolalamika, na benchi ambalo wanaume hulikalia kutwa nzima hata kama walinyolewa jana. Wanamwita Profesa, na wala hawamtanii. Ukimuuliza kinachosababisha kiungulia, atakueleza. Ukimuuliza ndege inavyotua, atakueleza vilevile, mashine ikinguruma juu ya sikio lako.

Somo lake kubwa lilikuwa baiskeli. Kabla sijahamia kwao kumlea mjukuu, nilikuwa nikisikia tu kwa mbali jinsi mkwe wangu anavyochagua baiskeli ya kwendea kazini. Aliichagua kama mtu anayechagua mke wa pili: alihoji kila kichwa kilichokaa mbele ya kioo chake, akalinganisha, akakataa, akaanza upya. Mwishowe akaleta nyumbani dude la rangi ya fedha lenye gia ishirini na moja. Mji wetu ni tambarare kiasi kwamba hata maji ya mvua hayajui yaelekee wapi, sasa gia zote hizo za kupandia nini, ngazi za benki? Halikuwa na madigadi, wala karia, wala kengele, wala kifuniko cha cheni. Mimi nimesambaza maziwa kwa baiskeli karibu maisha yangu yote, mpaka goti liliponikatalia. Najua baiskeli ya kazini inatakiwa iweje. Iwe na pa kufungia mzigo, ikukinge na matope, ikuruhusu kukanyaga chini taa nyekundu ikiwaka, na mwizi akiiona nje ya duka asiione ya maana. Lakini mama mkwe aliyehamia juzi haanzi na baiskeli ya mwenye nyumba, kwa hiyo niliuma ulimi.

Kila asubuhi niliona vituko. Profesa alilitandikia dude lake magazeti katikati ya sebule, akaligeuza magurudumu juu, akafuta spoki moja baada ya nyingine kwa kitambaa cha dukani. Cheni aliitia mafuta ya mashine ya kunyolea, yale mepesi kama maji, akisema ndiyo ya kisasa. Alibinya tairi, akapiga pampu, akabinya tena, akitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Kisha alichomeka suruali ndani ya soksi ili isinaswe na cheni. Alichomeka mguu wa kushoto. Cheni iko kulia.

Halafu akaaga, akashika usukani, akatoka akiikokota. Ndiyo, akiikokota, akitembea kando yake mpaka dukani, na jioni akairudisha vivyo hivyo. Leo jua kali litatanua mpira. Kesho breki zimefungwa upya, hazijazoea. Keshokutwa lami ina vipande vya chupa. Wapita njia walimsifu kwa utunzaji, naye akavimba kichwa. Nilimwona mpuuzi, na sioni aibu kulisema.

Ningemwacha na upuuzi wake kama usingemgusa binti yangu. Binti yangu alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha mikate, ng'ambo ya mji, na zamu yake ilimtaka awe mbele ya tanuri kabla basi la kwanza halijaanza safari. Kwa hiyo alitembea. Alitoka gizani, akafika akihema, na siku nyingine akafika kengele ya zamu imekwisha kulia. Msimamizi wake alimwambia wazi kwamba akichelewa tena, nafasi yake inakwenda kwa mwingine, na waliokuwa wakisubiri getini walikuwa wengi. Na sebuleni kwake ilisimama baiskeli ambayo kazi yake ilikuwa kung'aa.

Nilimuuliza mkwe wangu, kwa adabu zote, kwa nini asimwachie mkewe ile baiskeli. Alinipa mhadhara. Fremu ni ya mtu mrefu, kiti kikishushwa uwiano unaharibika, na mgongo wa mwanamke mfupi unaweza kupata hitilafu ya kudumu. Mwanamke mfupi mwenyewe nilimfundisha mimi kuendesha kabla hajang'oa meno ya utoto. Nikajibu kwamba nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba binti yangu ameolewa na mdomo.

Siku moja Profesa alikwenda mazikoni na kuliacha dude lake nyumbani. Nikaona nitumie nafasi hiyo kuifuta ile cheni na kuitia grisi ya kweli. Nilipoinama ndipo nikaona. Mipira ya kushikia usukani ilikuwa imelika ikawa laini, hata alama za vidole zilionekana. Lakini pedali zilikuwa na vinundu vyote vya kiwandani, hakuna hata kimoja kilichosagika. Kiti bado kilikuwa na nailoni yake, haina hata mkunjo. Nilikaa chini sakafuni nikacheka mpaka mjukuu naye akaanza kucheka bila kujua kwa nini. Profesa mzima, bingwa wa gia na uwiano, hajui kuendesha baiskeli.

Binti yangu aliporudi sikumpa hata nafasi ya kunywa maji. Nilimweleza yote, na nilieleza kwa raha. Alifungua kamba za viatu polepole, akaviweka pembeni.

"Najua, mama," akasema. "Nilijua kabla hatujaoana."

Nikamuuliza kwa nini basi anajitesa kwa miguu. Akasema siku atakayoonekana juu ya ile baiskeli, wanaume wa kwenye benchi watajiuliza kwa nini mwenyewe huikokota, na jibu halitawachukua hata dakika moja.

"Ana nini kingine, mama, zaidi ya hilo benchi?"

Hapo nilipandwa na hasira kwelikweli. Nikamwambia, na sikupunguza sauti, kwamba yuko tayari kufukuzwa kazi ili kinyozi aendelee kuitwa Profesa. Nikamwambia mwanamume anayemwacha mkewe atembee gizani kwa ajili ya sifa za watu wenye povu usoni si mwanamume wa kuhurumiwa. Nilikuwa bado naongea nilipomwona mlangoni, na shati lake la mazikoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Alipita katikati yetu akaingia chumbani.

Alfajiri nilisikia spana. Alikuwa amepiga magoti, anakishusha kiti. Nailoni alikwisha kuichana. Alimwambia mkewe achukue, ila apite njia ya nyuma, ile ya uchochoroni, kwenda na kurudi, asionekane dukani. Ndivyo wema wake ulivyokuwa, wa mlango wa nyuma. Kwenye benchi alitangaza kwamba baiskeli iko kwa fundi inasubiri nati ya kutoka nje ya nchi. Hata hivyo binti yangu aliacha kuchelewa, na mimi nikaamua kunyamaza, ingawa ndani nilimdharau palepale.

Mambo yaliharibika siku moja mchana. Nilikuwa nimempeleka mjukuu akanyolewe, benchi limejaa, Profesa anamhudumia mtu mnene aliyenyolewa shavu moja. Binti yangu alikuwa ameitwa ghafla kazini kumshikia mwenzake zamu, aingie mara moja. Uchochoroni walikuwa wamechimba mtaro wa bomba. Hakuwa na njia nyingine. Alipita mbele ya duka mchana kweupe, amekaa wima, anakanyaga pedali kama nilivyomfundisha.

Mtu mnene alimwona kwenye kioo. "Profesa, si dude lako hilo? Kumbe fundi mwenyewe ni mkeo?"

Benchi likacheka. Mmoja akasema amwite ashuke, kwa sababu mke akizoea kupanda na mume kutembea, nyumba imekwisha. Wengine wakaitikia. Binti yangu alisikia. Akasimama, mguu mmoja chini, akamtazama mumewe. Alikuwa akichelewa, na niliona wazi kwamba akiambiwa ashuke, atashuka. Mkwe wangu alifungua mdomo. Niliujua mdomo ule. Nikangoja nati ya kutoka nje ya nchi.

Akazima mashine. "Mimi sijui kuendesha baiskeli," akasema. "Sijawahi kujua. Yeye ndiye anajua." Kisha akapaza sauti kuelekea barabarani: "Nenda, mke wangu, utachelewa."

Akaenda. Na wale watu walicheka jinsi ambavyo sijapata kuona watu wazima wakicheka. Mmoja alijipiga mapaja, mwingine akaiga mtu anayekokota baiskeli, akazunguka nayo duka zima. Profesa aliwasha mashine akamaliza shavu la pili. Mtu mnene alijifuta mwenyewe, akatoka akiwaita wenzake waende wakawasimulie wa gereji. Benchi likaisha watu, mmoja mmoja, tukabaki mimi na mjukuu.

Akauliza nani anafuata, ingawa alituona. Nilimpandisha mtoto kitini. Feni tu ndiyo iliyolalamika, nami sikuweza kuvumilia. Nilitafuta kitu cha kumuuliza, chochote, ili aongee. Nikamuuliza kama anadhani mvua itanyesha jioni.

"Sijui, mama," akasema, na akaendelea kunyoa taratibu nyuma ya sikio la mwanawe.