Nilinunua bastola nijilinde na majambazi, mume wangu akaitumia kuninyang'anya wanangu

Admin, jina langu usilitoe. Naishi Bunju, ni kubwa, ukiitaja haidhuru. Mie ni mama wa miaka arobaini na mbili, nina mabinti wawili, mkubwa ana kumi na tano, mdogo tisa. Nauza vifaa vya ujenzi. Mume wangu anafanya kazi bandarini, kwao Temeke.

Miaka mitatu iliyopita, saa nane mchana, walikuja wanaume wawili na pikipiki wakijifanya wanataka waya wa kufungia nondo. Nilipoinama kuutoa nikakatwa panga la mkono. Walichukua walichochukua wakaondoka taratibu, watu wanaangalia. Mpaka leo vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki.

Mume wangu ndiye aliyesema, "Mama Nasra, utakufa dukani humo. Tafuta silaha." Naomba mliweke hilo akilini, yeye ndiye aliyesema. Nikaanzia serikali ya mtaa, nikaenda polisi, nikahojiwa, nikachukuliwa alama za vidole. Na yeye aliulizwa kama ana pingamizi, akajibu hana.

Kibali kikatoka, ila mpya sikuiweza bei. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja mstaafu huko Kinondoni, macho yamemchoka, anataka kuiuza ya kwake kwa utaratibu wa polisi. Ilikuwa bastola ya kizamani, ile yenye kigurudumu cha risasi kinachozunguka. Mtutu mfupi, haufiki urefu wa kidole changu cha kati, mpini wa mbao umeng'aa kwa kushikwa. Mume wangu akaipokea yeye kwanza, akaizungusha, akacheka, "Kadogo hivi! Kanamfaa mama watoto." Yule mzee hakucheka. Aliniangalia mie akasema, "Binti yangu, ukishakuwa na hii, huruhusiwi tena kukasirika mbele za watu." Nikaitikia tu, nikamwambia asante baba, tukaondoka. Niliona ni maneno ya uzee.

Nyumbani nilikuwa naifungia kwenye sanduku la chuma, ufunguo natembea nao mwenyewe. Dukani inakaa kwenye mkoba. Sijawahi kumwonyesha mtu, wala kuitaja kwenye ugomvi. Na ugomvi tulikuwaga nao kama watu wote.

Mwaka jana mume wangu akaanza kulala Temeke siku tatu, siku nne. Nikasikia ana mwanamke. Sie Waislamu, sikatai mke wa pili, ingawa iliniuma. Jumamosi moja nimetoka dukani, sijavua hata viatu, nakuta amekaa sebuleni na dada yake mkubwa. Wifi ndiye aliyeanza, "Wifi, mumeo ameoa. Tumekuja kukuambia bibi harusi atahamia hapa, chumba cha wageni."

Nyumba hiyo kila tofali lake limetoka kwenye duka langu, kwenye mkono huu usiokunjika. Nikapandisha sauti. Nikasema, "Aoe anne akitaka, ila humu ndani haingii mtu!" Mkoba nilikuwa nimeupakata. Mume wangu akauangalia, kisha akasimama ghafla akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono juu. "Dada, umeona? Anataka kunipiga risasi!"

Wifi akapiga mayowe. Majirani wakajaa. Wanangu walikuwa mlangoni.

Sikuifungua zipu. Wallahi sikuifungua. Lakini nyie hamnijui, nitawaambia ambalo sijamwambia hata mama yangu: mkono wangu ulikuwa juu ya hiyo zipu. Sijui ulifikaje pale. Nikisema sikumtishia, nasema kweli. Nikisema halikunipitia kichwani, nadanganya.

Jioni ile akawachukua watoto akawapeleka Temeke kwa dada yake. Kikaitwa kikao cha familia. Alieleza kwa machozi, anasema amekuwa akilala na kifo chumbani. Mwanaume yule yule aliyeizungusha akicheka! Nikadhani mama yangu atanitetea. Akaniambia mbele ya wakwe, "Mwanangu, mwanamke na bastola wapi na wapi? Ungekuwa na adabu haya yasingekufika." Mkono wangu uliokatwa aliuuguza yeye, lakini siku ile hakuukumbuka.

Sasa ni mwezi wa tano tangu awachukue. Mke mwenzangu ndiye anayewasuka wanangu nywele. Wiki iliyopita mkubwa alipiga simu kwa kujificha, anaongea kwa kunong'ona. "Mama, ni kweli ulitaka kumuua baba?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Mbona wewe ulinyamaza walipokuwa wanasema?" Simu ikakatika.

Wazee wa upande wake wameleta masharti. Niisalimishe bastola polisi, halafu nisaini karatasi mbele yao kwamba nilimtishia mume wangu na ninaomba radhi. Nikifanya hivyo watoto wanarudi, na yeye anarudi na mkewe. Kuisalimisha naweza, japokuwa duka la tatu kutoka kwangu limevamiwa juzi tu na mwenye duka yuko hospitali. Kinachonitoa usingizi ni hiyo karatasi. Nikiisaini, wanangu watarudi kwa mama aliyekiri kwa mkono wake kwamba alitaka kumuua baba yao. Nisipoisaini, watakulia Temeke wakiamini hivyo hivyo, na mie sitakuwepo kuwaambia vingine.

Wamenipa mpaka Ijumaa baada ya swala. Enyi mliozaa, naombeni mnishike mkono kwa maneno yenu: nisaini, au niwaache wanangu?