Simu ya mezani ya kwetu, mobile ya Zuhura, na ujumbe wa mjomba nilioukalia

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi huwa nasoma tu na kuondoka, sichangii. Leo nimekuja internet café na daftari langu ninaloandikia mambo yangu, nanakili humohumo. Sitatia chumvi, na pale nilipokuwa mbaya sitajipunguzia.

Juzi nimeona mtu kauliza kama nyumba yenye simu za mkononi bado inahitaji ya mezani. Wengi wamejibu kwa bili. Jibu langu mimi ni refu kidogo, nivumilieni.

Nipo form three, tunakaa Morogoro, upande wa Bigwa. Baba alipata laini ya simu enzi zile yupo kiwandani, kabla kiwanda hakijauzwa. Wakati huo ukiomba laini unajaza fomu, unasubiri mpaka unasahau kama uliomba.

Simu ipo sebuleni juu ya stuli. Mama kaifumia kitambaa cha kuifunika, na baba kaitia kufuli dogo kwenye namba ili tusipige ovyo.

Kwa hiyo kupiga hatuwezi, tunapokea tu.

Na kupokea ilikuwa kazi yangu.

Mtaa mzima walikuwa wanatoa namba yetu kwa ndugu zao. Mtu anapiga, anasema, "Niitie fulani, nakata, napiga tena baada ya dakika kumi." Mimi natoka mbio mpaka kwa huyo fulani. Anakuja na kanga ya kuazima, anakaa kwenye kochi letu, anaisubiri ilie.

Sasa mimi ni mtu wa aibu. Mwalimu akinitaja jina darasani sauti inagoma kutoka. Ila kwenye simu hakuna anayeniona. Nilikuwa naongea na watu wa Tabora, wa Tanga, wa Zanzibar, nawauliza hali mpaka za mbuzi wao. Wanawake wa mtaani wakinikuta njiani wananisimamisha: "Mwanangu, hajapiga yule?"

Nilijiona mtu.

Halafu zikaja mobile.

Mmeziona wenyewe, kila kampuni na rangi yake, kuta za mji mzima zimepakwa. Jirani yetu Zuhura, tuliyekua naye na kusoma naye, kaka yake akamletea moja kutoka Dar. Ndogo, ina kamba ya kuvaa shingoni.

Wakuu, roho iliniuma. Kuna watu wanasema "niliona wivu kidogo". Mimi wangu haukuwa kidogo. Nilikuwa nakaa dirishani naangalia watu wanaingia kwa kina Zuhura, walewale waliokuwa wanaingia kwetu. Mama wa dukani. Mzee wa cherehani. Wote wanatoa namba ya Zuhura.

Daftari langu la siku moja linasema: "Leo haijalia. Nimeinyanyua kusikiliza kama ina mlio. Inao."

Baba naye akaanza. "Hii tunailipia kukaa tu. Mwezi ujao nairudisha."

Mama akamjibu, "Irudishe baba, stuli niweke maua."

Wakacheka. Mimi nikaenda chooni nikalia.

Nije kwenye kisa chenyewe.

Ilikuwa kipindi cha mgao wa umeme. Simu ya Zuhura ilikuwa imezima siku ya pili, hakuna pa kuchaji, ila bado kaivaa shingoni anatembea nayo mtaa mzima. Jumatano mchana, nimetoka shule, ya kwetu ikalia. Kumbukeni ya mezani haijali mgao.

Alikuwa mjomba Kibwana, kaka yake mama Zuhura. Yeye anaishi juu milimani, kupita Kinole, huko mobile haishiki kabisa. Alikuwa kateremka kwa miguu mpaka kwenye duka lenye simu ya kulipia.

"Mwanangu, nimepiga ile ya Zuhura, kuna dada ananijibu kwa jeuri ananiambia sipatikani. Nimemwambia mimi nipo hapa dukani, asiyepatikana ni yeye. Kanikatia!"

Nikacheka. Nikamwamkia. Akasema, "Mwambie dada yangu kugawa mashamba ya marehemu mama siyo Jumamosi ya wiki ijayo tena. Ni Jumamosi hii. Mzee wa ukoo anapelekwa hospitali, hawezi kusubiri. Aje. Usisahau mwanangu."

Kwa wasiojua: kina Zuhura ni Waluguru, na kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Bibi akifa, mashamba wanagawana watoto wake na wajukuu wa kike, na kila mwanamke anasimama mwenyewe pale mpakani miti ya mpaka ikipandwa. Asiyekuwepo anapewa kilichobaki. Na mama Zuhura kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa anapanda kupalilia migomba ya bibi, ile ya bondeni karibu na maji.

Nilijua yote hayo. Msije mkasema sikujua.

Nikatoka mbio kama zamani. Nimefika uani kwao, mama Zuhura hayupo, kaenda sokoni. Zuhura amekaa na wasichana wanne wa darasani kwetu, wanaishikashika ile simu iliyozima.

Zuhura kuniona tu akasema, "Jamani nyamazeni, opareta kaja! Haya opareta, leo umemletea nani salamu za mwaka jana?"

Wale wakaangua kicheko. Mmoja akaweka kiatu sikioni: "Haloo, haloo, nipe Kilosa!"

Nikasimama pale. Ujumbe upo mdomoni. Nikasema, "Nilikuwa napita tu."

Nikarudi nyumbani.

Jioni ningeweza kwenda. Alhamisi ningeweza, Ijumaa ningeweza. Kila nikitaka kutoka najiambia, si wana simu yao ya shingoni? Wapigiwe huko. Ijumaa mama Zuhura mwenyewe alipita mbele ya nyumba yetu na ndoo ya maji, akanisalimia. Nikaitikia. Basi.

Jumamosi ikapita.

Wiki iliyofuata ndiyo iliyonitesa. Nilimuona anafunga mchele, sukari, na doti ya kanga ya kumpelekea mdogo wake wa kike, anaimba. Anajiandaa kwenda kwenye jambo ambalo limeshaisha. Nilikuwa najua mimi peke yangu.

Aliondoka Jumamosi asubuhi. Jumapili mchana karudi.

Akaja kwetu moja kwa moja, hata vumbi la miguuni hajalitoa. Akapiga hodi, akakaa kwenye lile kochi. Mama alikuwa jikoni, mimi nipo naandika.

"Mwanangu," akasema, "migomba ya bondeni kapewa mdogo wangu. Mimi nimepewa kule juu penye mawe. Kaka yangu anasema alipiga simu hapa, akaongea na wewe. Nimembishia mbele ya ukoo mzima. Nimemwambia muongo, mtoto yule hajawahi kuniangusha hata siku moja. Tumegombana, nimeteremka bila kumuaga."

Akanitazama. "Alipiga?"

Wakuu, hapo ningeweza kusema hakupiga. Angeniamini. Ilikuwa neno langu na la mjomba, na alishachagua la kwangu.

Nikasema, "Alipiga."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Zuhura aliniita opareta. Mbele za watu."

Mama Zuhura hakupandisha sauti.

"Na mimi nilikuwa nakuita nani?"

Nikalifunga daftari.

Mama alitaka kunichapa, mama Zuhura akamzuia. Akasema fimbo haitamfikia kaka yake. Jumamosi inayofuata nipande naye, nikaseme kwa mdomo wangu.

Nikapanda. Gari mpaka Kinole, halafu miguu. Walikuwa wamekaa watu kama kumi na wawili kwenye ua, wazee na wake zao, na mimi nimesimama katikati. Hakuna simu ya kujificha nyuma yake. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mzee mmoja akasema, "Hasikiki huyo." Nikaanza upya, nikasema yote, mpaka wivu.

Mjomba Kibwana aliinuka akaenda kukaa karibu na dada yake. Walishikana mikono tu. Baadaye wakala sahani moja.

Lakini shamba halikurudi. Niliuliza kama inawezekana. Mjomba akaniambia, "Mti wa mpaka ukishapandwa haung'olewi, mwanangu. Hata aliyekosea akilia."

Kwa hiyo jibu langu kwenye ile mada: ndiyo, ya mezani bado inahitajika, hasa ukiwa na ndugu sehemu zisizo na network na umeme wa mgao. Baba hata hakuirudisha, kasema tuone mwaka huu. Lakini simu yoyote, ya stuli au ya shingoni, inategemea roho ya anayeipokea. Yangu ilikuwa na wivu, na mtu mwingine ndiye anayelima kwenye mawe.

Mama Zuhura ananiitikia salamu. Zuhura hataki kuniona. Anajua pia kwamba ni utani wake ulioanzisha, nadhani na hilo linamuuma, ila sijathubutu kwenda. Ni hatua ishirini tu kutoka mlango wetu hadi kwao.

Muda wangu wa café unaisha. Mliowahi kumkosea rafiki kiasi hiki, neno la kwanza mlilosema mlangoni kwake lilikuwa lipi? Niandikieni hapa chini. Hata la kunitukana nitalisoma.