Hatari kwa Kiingereza, Saini kwa Lazima: Dobi Agoma

Saa moja kasoro robo asubuhi, dobi mmoja anachomoa shuka za hospitali kwenye mashine yenye tumbo kubwa kuliko jiko la nyumbani kwake. Anazivuta kwa mikono miwili, anazitupa kwenye toroli, anajifuta jasho kwa bega kwa sababu glavu zina dawa.

Ana miaka arobaini na mmoja. Kumi na sita ameimalizia humu, kwenye joto, feni moja na madirisha yasiyofunguka. Kwa zamu moja anafua shuka mia nne, na mshahara wake haufiki tarehe kumi na tano. Wenzake wanamwita Mama Maswali.

Mfukoni ana karatasi aliyopewa Jumatatu. Imeandikwa kwa Kiingereza kwamba amefundishwa kutumia dawa mpya ya kufulia, amesoma maelekezo na ameyaelewa. Asiposaini kufikia kesho saa nne, hana kazi.

"Sisaini," anasema. "Sijafundishwa, sijasoma, sijaelewa. Nisaini nini sasa?"

Sababu ya hasira yake iko nyumbani, kwenye kiti kilichowekwa karibu na mlango ili apate hewa. Ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikuwa akifanya kazi mashine ya pili.

Miezi mitano iliyopita, wifi alimimina dawa ya kuondoa ukoko kwenye ndoo iliyobaki na dawa ya kung'arisha. Onyo la kutozichanganya lilikuwepo kwenye pipa la dawa, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Mvuke ukamwingia kifuani.

"Nilidhani nimemeza moto," anasema wifi, akipumzika katikati ya sentensi. Ngazi za nyumba yao ni kumi na mbili tu. Kuzipanda kunamchukua robo saa.

Familia ilipokwenda kudai fidia, meneja alitoa faili. Saini ya wifi ilikuwepo. "Alielewa," akawaambia, "mwenyewe amekiri hapa."

Je, meneja huyo hajui Kiswahili?

"Hajui? Anakijua kuliko mimi!" dobi anafoka. "Akitugombeza, Kiswahili. Akitaka tubaki baada ya zamu, Kiswahili kitamu, mpaka unaitwa dada yangu. Hatari ndiyo inakuja kwa Kiingereza."

Mafunzo ya wakati ule, kabla wifi hajaumia, yalichukua dakika ishirini. Mtaalamu alisema yake kwa Kiingereza, akauliza kama wameelewa, na wafanyakazi wote arobaini na watatu wakaitikia "Yes!" kama watoto wa chekechea.

"Na mimi niliitikia, tena kwa sauti. Nani anataka kuonekana mshamba?" Anainamisha macho. "Wifi alinitazama kwanza. Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa, naye akatikisa. Hilo ndilo linalonichoma, ndugu mwandishi. Aliniamini mimi."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini utaulizaje kwa lugha usiyo nayo? Dobi anasema Kiingereza cha kukubali walikuwa nacho tele: ndiyo bosi, naelewa, hakuna shida. Cha kusema hujui, hawakuwa nacho hata neno moja.

Alimwomba binti yake, mwanafunzi wa sekondari, amwandikie kwenye kipande cha boksi: sijui, sijakuelewa, sina habari kabisa, rudia polepole. Sasa mapumziko ya mchana, nyuma ya mashine za kukaushia, madobi wanakariri. Walipofika kwenye msemo wa Waingereza wa kusema umepotea, maana yake hujaelewa, mmoja aliangua kicheko: "Nitapoteaje na bosi ananiona?"

Msimamizi aliwakuta wakicheka, akalichana boksi. Siku hiyohiyo dobi akakumbushwa kwamba karatasi yake bado haina saini.

Gazeti hili lilimpigia simu meneja. "Karatasi inajieleza yenyewe," alijibu. Alipoulizwa inajieleza kwa lugha gani, alikata simu.

Nyumbani, si wote wanaomuunga mkono. "Saini tu, wifi yangu," mgonjwa anamsihi. "Ukifukuzwa, dawa zangu atanunua nani? Tutakula nini?"

Dobi anakiri kwamba usingizi umempaa. Ana hofu. Ila saini hataweka.

"Kama kunifukuza, wanifukuze kwa Kiswahili, nisikie vizuri," anasema. "Kesho naingia na kalamu yangu. Palepale penye nafasi ya saini nitaandika kwa Kiingereza chao hichohicho kwamba sijaelewa. Wenzangu sita wameniomba niwaonyeshe inavyoandikwa. Waziweke zote kwenye faili lao. Siku akiumia mwingine, wasije wakasema hawakujua."