Bi Usinitajie Akatiwa Simu

Saa mbili asubuhi, hata kiti hakijapata joto, simu ya kwanza inaita. Mhudumu wa benki anavaa hedifoni, anasalimia, na kabla hajamaliza kujitambulisha, mteja ameshaanza kumwaga namba za kadi yake ya benki.

"Baba, simama hapo hapo!" anamkatiza. "Usinitajie!"

"Sasa utanisaidiaje, binti yangu, bila namba?"

"Jina lako na zile nne za mwisho zinatosha. Zilizobaki ni zako, hata mimi sina haki nazo."

Mzee huyo amenunua betri ya gari kwenye duka la mtandaoni lililojifanya duka maarufu. Jina ni lile lile, ila herufi moja imerudiwa. Kadi inafungwa kabla wezi hawajarudi kukomba kilichobaki. Mzee anashusha pumzi, anamwombea dua ndefu, na simu nyingine inaita.

Hii ndiyo kazi yake kwa miaka tisa sasa, katika chumba cha huduma kwa wateja cha benki moja, meza zimebanana na feni ina kelele kuliko upepo. Kwa siku hupokea simu zipatazo sitini. Wenzake wamembandika jina la Bi Usinitajie, naye analiitikia.

"Watu wetu si wajinga," anasema. "Wana adabu tu. Mtu akiulizwa kwa upole anaona haya kunyamaza, na mwizi analijua hilo."

Hayo hakuyasoma popote. Mwaka jana yalimfika mama yake mzazi, fundi cherehani anayeshona sare za shule. Mama aliagiza zipu mtandaoni kwa kadi yake, na kesho yake akapigiwa simu na kijana: shikamoo mama, mzigo wako umekwama, nisomee namba zilizoingia kwenye simu yako tuuachie. Mama akasoma. Pesa za vitambaa vya muhula mzima zikayeyuka, na benki haikuzirudisha kwa kuwa namba alizitoa mwenyewe.

"Aliniamkia vizuri mno," mama hujitetea mpaka leo. "Ningemkatiaje simu mtoto mwenye adabu vile?"

Binti aliichukua ile kadi akaitia kwenye mkoba wake. Tangu hapo, kila zipu na kila kifungo, lazima mama amwombe yeye anunue. Mama alikubali shingo upande. "Nimemfundisha kuvaa viatu," aliwalalamikia majirani, "leo ananigawia pesa zangu kama peremende!" Binti alijua anamuumiza, na jambo hilo lilimkera rohoni. Lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi.

Mchana, wakati wa mapumziko, anamwagizia mama zipu za buluu kwa simu yake. Benki inatuma namba ya uthibitisho, nayo inaingia kwenye simu ya mama, mwenye kadi. Ili asiufunge ukurasa wa duka, leo anapiga kwa simu ya mezani ya kazini.

"Shikamoo mama. Kuna namba imeingia kwako sasa hivi, hebu nitajie upesi!"

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi mwanao, mama!"

"Sauti inafanana. Lakini mwanangu yuko benki, na ndiye aliyenikataza. Ana jina lake huko kazini, kaulizie. Haya, kwaheri."

Simu inakatwa. Anapiga tena, haipokelewi.

"Leo ni Bi Nitajie!" mwenzake mmoja anapiga kelele, na chumba kizima kinaangua kicheko. Naye anacheka mpaka anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mama amenikatia simu," anasema, na furaha haifichi.

Jioni anapita kwa mama na kuiweka kadi juu ya cherehani.

"Hukunijua, mama?"

"Nilikujua tangu shikamoo," mama anajibu, macho kwenye pindo. "Nilitaka nawe unijue."

Mpango wa binti sasa ni kuwakusanya mafundi wenzake mama, wafundishwe kununua mtandaoni bila kulizwa. "Mimi nitapanga viti," anasema. "Mwalimu nimeshampata."

Mwalimu mwenyewe amevaa miwani, analisoma jina la duka herufi kwa herufi. Ujumbe unaingia. Binti ananyoosha shingo kuchungulia, na mama anaifunika simu kwa kiganja.

"Geukia huko," anasema.