Moto wa Chai Nilioandika kwa Fomu

Leo nimezima moto wa akina mama kwa kalamu.

Mimi ni karani kwa shamba la maua hapa Timau. Wanunuzi wa ng'ambo walituma fomu: tuandike kila kitu kinachotoa moshi shambani, halafu tupunguze.

Nikaandika yote kwa uaminifu. Jenereta ya chumba cha baridi. Lori. Hata ule moto wa mawe matatu ambapo wakata maua huchemshia chai.

(Ndege inayopeleka maua Ulaya? Fomu haikuuliza.)

Asubuhi meneja akaisoma. Jenereta, hapana, maua yataharibika. Lori, hapana. Kidole kikateremka hadi mstari wa mwisho.

"Hii tunaweza toa."

Mama Nkatha, mkubwa wa wakata maua, ndiye aliambiwa aumwagie maji. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na baridi ya mlima.

Akaniuliza, "Karani, ati ni nani aliwaambia tuko na moto?"

Nikasema sijui.

Kwa sufuria kulikuwa kumebaki kikombe kimoja cha chai. Akanipa mimi, nisishikwe na baridi.

Nikainywa yote. Semeni mnachotaka.