Walinipa kazi ya kuuza pampu, nikaikataa, na sijuti

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenitokea mie mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje. Jina la kampuni sitaji, kwa hiyo msinifuate PM kuuliza.

Mie ni fundi wa pampu za maji, mwanamke, naishi Segerea kwa kaka yangu. Nilifanya kazi miaka sita kwenye karakana moja Buguruni mpaka mwenyewe akaifunga.

Toka hapo napiga vibarua tu. Leo nimepata, kesho sina.

Mwezi uliopita nikaitwa interview. Kampuni inauza pampu, ofisi ziko upande wa Wazo. Nafasi yenyewe technical sales consultant. Yaani unamsikiliza mteja, unajua anahitaji nini, unamshauri pampu ya kununua.

Nikasema hii sasa ni yangu. Kaka alinipigia pasi shati, na huyu mtu hata la kwake hapigi.

Tulikuwa tisa pale mapokezi. Wenzangu wana tai na laptop. Mie nina bahasha ya vyeti.

Ndani walikuwa watatu: dada wa HR, meneja wa mauzo, na mzee mmoja, fundi mkuu wao. Nikampa mzee shikamoo, wengine nikawasalimia.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kuna swali moja tu la meneja, eti nitapandaje mnara wa tenki na mie mwanamke. Nikamwambia huwa navaa suruali. Mzee akacheka.

Ikaja practical. Mezani kuna pampu ya kuzamisha kisimani. Meneja akasema tuigize, yeye ni mteja, ana mabanda ya kuku Chanika, kisima chake maji yako mita themanini chini.

"Niuzie hii," akasema.

Nikaigeuza, nikasoma kibati chake. Mwisho wake kupandisha maji ni mita hamsini.

"Hii haikufai," nikamwambia. "Maji hayatafika juu, utaiunguza bure. Unahitaji yenye nguvu zaidi."

Hapo akaacha kuigiza. "Hizo hatuna stoo. Tunazo hizi."

"Basi nitamwomba mteja asubiri tumwagizie."

Hapo akaacha kuigiza. "Dada, mteja hajui mambo ya mita. Kazi yako ni kuuza tulichonacho."

"Yeye hajui. Mie najua."

"Unajua wako wangapi hapo nje wanaitaka hii nafasi?"

"Nimekaa nao tangu asubuhi. Waite, wajaribu wao."

Msidhani nilikuwa jasiri sana. Kazi yenyewe niliitaka kweli.

Lakini wateja wa namna hiyo nilikuwaga nawapokea mie kule Buguruni. Mtu anakuja na pampu ya wiki mbili, imeungua, kaibeba kwenye kiroba. Mie ndiye wa kumwambia kwamba aliyemuuzia alimdanganya. Sura anayoifanya naijua vizuri.

Nikarudi nyumbani nikijua nimekosa.

Siku ya nne dada wa HR akapiga. Nimepita. Mzee wa ufundi alinisemea sana. Mshahara alioutaja ni mzuri, sitawadanganya.

"Ila meneja anataka uandike kwamba utafuata maelekezo yake ya mauzo," akasema.

"Yule mteja wa Chanika, nitamuuzia ile pampu?"

"Dada, wewe kubali kwanza. Utazoea."

"Ndicho ninachokiogopa," nikamjibu. Nikamshukuru, nikakataa.

Kaka alikasirika. Akaniambia nina kiburi. Nikamwambia kweli ninacho, na chakula nilichopika kiko mezani.

Mkitegemea niseme baadaye nikapata dili kubwa, hamna. Bado napiga vibarua. Juzi nimefunga pampu mbili Kinyerezi, wiki hii sijaitwa popote.

Nilichojifunza ni kwamba kwenye usaili na wewe uwapime. Kile wanachokuomba ufanye mbele ya meza ndicho utakachokifanya kila siku. Usiposema hapana pale, ukishapewa kitambulisho cha kazi hutaisema.

Najua wapo watakaosema nimeichezea bahati. Njooni, nipo hapa nasoma kila comment. Ila anayeona ningekubali, aanze kwa kutuambia kama angeiuza ile pampu kwa mama yake mzazi.